Nyumba inaangaliwa lakini haiuziki: dalili, chanzo na marekebisho

Nyumba inayokaa sokoni muda mrefu huwa imekwama mahali panapoweza kutajwa. Ama simu hazipigwi kabisa, ama zinapigwa lakini watu hawaji. Wakati mwingine wanakuja na kuondoka baada ya dakika tano, au wanakaa saa nzima, wanasifia, halafu kimya. Kosa linalojirudia zaidi ni kutibu mahali pasipouma: mwenye nyumba anapaka sebule rangi mpya wakati kinachofukuza wateja ni picha, au anashusha bei wakati shida ni harufu ya bafuni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi, fungua daftari. Andika wangapi waliuliza, wangapi walikuja, kila mmoja alikaa muda gani, na alisimama wapi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kama unatumia dalali, mwombe taarifa hizo hizo. Akikosa, hilo nalo ni tatizo. Ukishajua wateja wanakatikia wapi, nenda kwenye sehemu inayohusika.

Tangazo lipo, simu haziji

Hapa hakuna aliyeiona nyumba yenyewe, kwa hiyo usiguse ukuta wowote. Chanzo kiko kwenye picha, bei au maelezo, na mara nyingi kwa mpangilio huo.

Anza na picha. Fungua tangazo lako kwenye simu, liangalie likiwa dogo katikati ya matangazo mengine, kama mnunuzi anavyoliona. Kama huwezi kutambua picha ya kwanza inaonyesha nini, ibadilishe. Picha ya kwanza iwe ya nje ya nyumba mchana, au ya chumba chenye mwanga mzuri kuliko vyote.

Kupiga upya hakuhitaji kamera ya gharama. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini, kwa sababu alama ya kidole hutia ukungu picha nzima. Simama kwenye kona au mlangoni, shika simu kwa ulalo, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka sakafuni, na usiiinamishe mbele wala nyuma. Simu ikiinama, kuta nazo huonekana zinaanguka. Mistari ya gridi kwenye kioo itakusaidia kunyoosha. Zima flashi. Kama mwanga wa dirishani unatosha, zima na taa, maana mwanga wa njano wa balbu ukichanganyika na wa mchana hufanya ukuta mweupe uonekane mchafu. Jihadhari na lenzi pana ya 0.5: inanyoosha chumba cha kawaida kikawa kama ukumbi, na mteja akifika anakikuta kidogo, anahisi amedanganywa, na baada ya hapo anatilia shaka kila utakachomwambia. Picha 15 hadi 25 zinatosha, zipangwe kama mtu anavyotembea kuanzia langoni. Jiko na bafu zisikosekane. Chumba kisichoonyeshwa, mnunuzi hukifikiria kibaya kuliko kilivyo.

Bei inafuata. Ilinganishe na nyumba zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazotangazwa, maana tangazo linaonyesha anachotamani muuzaji tu. Angalia pia kama bei yako imevuka kidogo tu namba kamili ambayo watu huitumia kuchuja matangazo. Ukivuka namba hiyo hata kwa kiasi kidogo, walioiweka kuwa ukomo wao hawataliona tangazo lako.

Mwisho ni maelezo. Taja ukubwa kwa mita za mraba, idadi ya vyumba na vyoo, maegesho, maji, umeme, mwaka wa ujenzi na aina ya umiliki. Maneno kama "nyumba ya kifahari" hayajibu swali lolote.

Wanapiga simu lakini hawaji

Kwanza angalia muda wa kujibu. Aliyeuliza asubuhi na kujibiwa kesho yake ameshapanga kwenda kwingine. Pili, saa za kuonyesha: anayefanya kazi hawezi kuja katikati ya siku, weka jioni na mwishoni mwa wiki. Tatu, majibu ya simu yanapishana na tangazo.

Kuna sababu ya nne ambayo wauzaji wengi hawaijui. Wanunuzi wengi hupita wenyewe kimyakimya kuiangalia nyumba kutoka barabarani kabla ya kuweka miadi, na wasipopenda hawakupigii tena. Vuka barabara, simama upande wa pili, angalia kwa macho ya mgeni. Lango linalokwaruza chini, taa ya nje iliyoungua, majani yaliyofunika dirisha, pipa la taka lililo mbele, ukuta wenye michirizi ya matope usawa wa magoti. Hayo yote ni kazi ya siku moja au mbili kwa brashi, maji ya sabuni, mkasi wa bustani na balbu mpya.

*Simama hapa:* kama paa au dari ya nyumba ya zamani ni ya asbesto, au unashuku hivyo, usiisugue, usiioshe kwa pampu ya maji yenye nguvu, usiitoboe wala kuivunja. Nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa zinaharibu mapafu. Mwite mtaalamu wa kuishughulikia.

Wanaingia, wanageuka, wanaondoka

Mteja akimaliza nyumba nzima kwa dakika tano, amekutana na kitu mapema. Mara nyingi ni harufu. Baada yake ni giza, kisha mrundikano wa vitu.

*Harufu.* Pua ya anayeishi humo haisaidii, imeshazoea. Funga madirisha, ondoka kwa saa kadhaa, kisha rudi ukinusa kuanzia mlangoni. Bora zaidi, mwombe mtu asiyeishi hapo, na umruhusu aseme ukweli.

Kinachopatikana mara nyingi zaidi ni tundu la maji lililokauka. Chini ya sinki, beseni la kunawia na tundu la sakafuni bafuni kuna kona ya bomba inayotunza maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya mfereji kupanda ndani. Bafu la wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hukauka na njia ikabaki wazi. Mimina lita moja ya maji kwenye kila tundu, kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ili maji yasikauke haraka. Nyumba isiyokaliwa irudiwe hivyo kila baada ya wiki mbili. Harufu ikirudi siku hiyo hiyo, huenda kona hiyo inavuja au bomba la kupumulia limeziba. Hapo ni kazi ya fundi bomba.

Kisha angalia vitambaa. Mazulia, mapazia na magodoro hushika harufu ya mapishi, jasho na wanyama. Fua mapazia. Nyunyiza magadi ya kuokea juu ya zulia, yaache usiku kucha, kisha yafyonze kwa mashine. Mkojo wa paka au mbwa hautoki kwa sabuni ya kawaida. Tafuta dawa yenye vimeng'enya, lowesha zulia kwa dawa hiyo mpaka ifike kwenye sponji ya chini, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu inanukia kama mkojo wenyewe na humrudisha mnyama pale pale.

Moshi wa sigara unaishi ukutani. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu yake, umanjano na harufu hupenya ndani ya siku chache. Osha kuta na dari kwa maji ya sabuni kali, suuza, ziache zikauke, paka praima ya mafuta ya kuziba madoa, ndipo uweke rangi.

Choo nacho kichunguzwe. Kikalie, sukuma kushoto na kulia. Kikicheza, boliti zimelegea au mpira wa chini umechoka na hewa chafu inapita pembeni. Chemba ikiwa imejaa, hakuna dawa ya dukani itakayokusaidia, ita gari la kunyonya.

Na manukato? Yaondoe. Nyumba inayonukia dawa kali humfanya mnunuzi ajiulize kinachofichwa. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya miadi, inatosha.

*Onyo:* usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi, siki au amonia. Mchanganyiko hutoa gesi ya sumu, hasa katika bafu dogo. Ukisikia harufu ya gesi ya kupikia, usiguse swichi yoyote, usiwashe moto, fungua milango, toka nje, na upige simu ukiwa mbali na nyumba.

*Giza.* Osha vioo vya madirisha ndani na nje. Watu husahau upande wa nje. Kata matawi yanayoziba. Fimbo ya pazia izidi fremu ya dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na lisifunike kioo. Balbu zote za chumba kimoja ziwe na rangi moja ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini: 2700 hadi 3000 kwa sebule na vyumba vya kulala, karibu 4000 kwa jiko. Chumba chenye balbu moja ya njano na nyingine ya buluu huonekana hakijatunzwa, hata kama ni kipya.

*Mrundikano.* Ondoa kama theluthi moja ya samani. Njia ya kupita kati ya vitu iwe na sentimita 80 hadi 90, ili mtu apite bila kugeuka upande. Kabati za ukutani ziachwe nusu tupu, kwa sababu zitafunguliwa, na kabati iliyojaa pomoni inasema nyumba haina mahali pa kuweka vitu. Lakini usiondoe vyote. Chumba kitupu huonekana kidogo kuliko kilivyo kwa kuwa jicho halina kipimo. Weka angalau kitanda na meza ndogo, mtu ajue vinaingia.

Wanasimama mbele ya ukuta na kunong'onezana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dawa ya haraka, yaani rangi juu ya doa, haidumu hata mwezi mmoja.

*Unyevu.* Jua kwanza maji yanatoka wapi. Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha karatasi ya alumini chenye sentimita 40 kwa 40, ziba kingo zote nne kwa utepe, kiache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani unaogandia ukuta wa baridi: ongeza hewa, weka feni ya kutoa mvuke bafuni, vuta kabati mbali na ukuta wa nje kwa sentimita 5 hivi. Matone yakiwa nyuma ya karatasi, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Sasa angalia mahali doa lilipo. Likianzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja, likiwa na unga mweupe wa chumvi na rangi inayobanduka, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Kabla ya kukubali matibabu ya gharama, zunguka nje. Mara nyingi mtu alijaza udongo wa bustani au alimwaga zege la njia mpaka likapita utando wa kuzuia unyevu, ule uliolazwa ndani ya ukuta karibu na msingi. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya utando huo kwa sentimita 15 angalau. Chimba urudishe kimo hicho, kisha subiri ukuta ukauke. Doa lililo katikati ya ukuta au pembeni mwa dirisha linaelekeza kwenye gata linalovuja, ufa wa nje au silikoni iliyopasuka kwenye fremu.

Doa la darini lizungushie mstari wa penseli na uandike tarehe. Likikua baada ya mvua, tafuta paa. Likikua bila mvua, tafuta bomba au tangi. Funga koki zote, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa moja au mbili, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja.

Chanzo kikishazibwa na doa kukauka kabisa, paka praima ya mafuta ya kuziba madoa, kisha rangi mikono miwili kwenye dari yote. Ukipaka kiraka tu, kitaonekana kwenye mwanga wa dirishani na mteja ataenda pale pale. Plasta mpya iache kama wiki nne kabla ya kuipaka rangi isiyopitisha hewa, la sivyo itavimba malengelenge.

*Simama hapa:* dari imelegea au imebeba maji, doa liko karibu na taa au soketi, au kuvu imeenea zaidi ya mita moja ya mraba. Zima umeme wa sehemu hiyo, usisimame chini yake, ita fundi.

*Nyufa.* Si kila ufa ni msiba. Ufa mwembamba kama unywele, usiozidi milimita 1, kwa kawaida ni plasta iliyosinyaa. Upanue kidogo kwa ncha ya kisu cha fundi uwe na umbo la V, toa vumbi, lowesha, jaza puti, piga msasa namba 120, paka praima, kisha rangi. Hadi milimita 5 bado unaweza kujazwa, lakini kwanza hakikisha hautembei: weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili pamoja na tarehe, angalia tena baada ya wiki kadhaa.

Ufa unaopita milimita 5, unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari, au ulio mpana juu kuliko chini, usiufunike. Unahitaji mhandisi wa majengo, si fundi rangi. Wakati unamsubiri, tazama kama maji ya gata yanamwagikia msingi au kuna mti mkubwa karibu. Ripoti yake iliyoandikwa, hata ikisema kuna kasoro, inauza nyumba vizuri kuliko ufa uliopakwa rangi ukafunguka siku ya ukaguzi.

Mlango unaogoma kufunga uchunguzwe pamoja na nyufa. Kaza kwanza skrubu za bawaba ya juu. Zikizunguka bila kushika, weka ndefu zaidi za sentimita 7 hivi zinazofika kwenye mbao ya nyuma ya fremu. Kama bado unakwama, paka chaki kwenye ukingo, funga, fungua: pale chaki ilipofutika ndipo pa kupiga randa kidogo. Milango kadhaa ikianza kukwama kwa wakati mmoja huku nyufa zikiongezeka, tatizo ni msingi.

*Onyo:* rangi ya nyumba ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilifuata baadaye. Usiipige msasa kavu, hasa palipo na watoto, ipimwe kwanza.

Wanajaribu koki na swichi, halafu hawarudi

Mnunuzi makini hufungua koki, huvuta maji ya choo, huwasha taa. Kila kinachogoma anakizidisha kichwani: kama koki imeachwa inadondoka, na paa limeachwaje?

Koki inayodondoka mara nyingi inahitaji washa ya mpira, yaani kipete cha ndani kinachoziba maji. Ile ya mkono mmoja inahitaji katriji, kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Funga valvu kabla ya kuifungua. Maji yakiwa haba kwenye koki moja tu, fungua kichujio kidogo cha mdomoni, kiloweke kwenye siki kwa saa moja. Choo kinachosikika kikijaza maji kila mara, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikishuka kwenye bakuli, badilisha mpira wa kuziba.

Silikoni nyeusi pembeni mwa beseni la kuogea haisuguliki ikaisha. Ikate yote, safisha, kausha kabisa. Jaza beseni maji kabla ya kuweka mpya, ili uzito ufungue pengo, na uyaache humo mpaka silikoni ishike. Usiloweshe kwa saa 24.

Kwenye umeme mipaka ni mifupi. Kubadilisha balbu, sawa. Soketi yenye joto, alama ya kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, au taa za nyumba nzima zinazofifia kwa pamoja: zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni.

Wanakaa muda mrefu, wanasifia, hawatoi bei

Kwanza tazama nani anaonyesha nyumba. Mwenye nyumba anayewafuata wateja chumba kwa chumba anawanyima nafasi ya kusema wanachofikiri. Toka nje, au kaa uani, na mwachie dalali. Wanyama waondolewe, vyakula vyao pia. Kama unaonyesha mwenyewe, muwe wawili, chukua jina na namba ya kila mgeni kabla hajaingia, wapitishe kundi moja moja. Dawa, vito, hati na funguo za akiba vifungiwe mbali. Kundi likigawanyika, mmoja akikuuliza maswali sebuleni na mwingine akipotelea chumbani, mrudishe kwa upole.

Baada ya siku moja au mbili, mwulize kila aliyekuja swali moja tu: ni kitu gani kingekufanya usinunue? Sababu moja ikitajwa na watu watatu, itengeneze. Kama wameshakuja watu kumi wa kweli na hakuna aliyetaja kasoro wala bei, bei iko juu ya kile wanachokiona. Ishushe mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Kupunguza kidogo kidogo kila wiki kunawafundisha kusubiri.

Bei imekubaliwa, kisha mnunuzi anajitoa

Chanzo cha kawaida ni ukaguzi uliokuta kilichofichwa, kisha nyaraka. Tengeneza faili kabla ya kutangaza: hati ya umiliki yenye jina linalolingana na kitambulisho chako, ramani na vipimo vya mipaka, kibali cha ujenzi pamoja na cha chumba kilichoongezwa baadaye, risiti za kodi na bili, dhamana za kazi za mafundi. Pima mwenyewe kwa futi ya utepe kama ukuta wa uzio uko pale ramani inaposema.

*Simama hapa, tafuta mwanasheria:* jina kwenye hati ni la marehemu au la mwenza, nyumba imewekwa rehani, jirani anadai mpaka, au kuna chumba kisicho na kibali. Kasoro unayoijua iseme kwa maandishi kabla ya mkataba. Sehemu nyingi sheria humruhusu mnunuzi kudai fidia hata baada ya kuhamia, akithibitisha kwamba ulijua na ukaficha.